Mwanya wa Mama Msasa

Watu waliomjua Mama Msasa walimjua kwa mwanya wake. Kabla hujakaribishwa kiti ulishauona, kati ya meno mawili ya mbele ya juu, mwembamba, umesimama wima, na alipocheka ulimpendeza kuliko hereni yoyote aliyowahi kuvaa. Wanawake wenzake mtaani waliuonea wivu bila hata kuficha. Na ukiwatoa watu watatu, hakuna aliyejua, si jirani, si mkwe, si binti yake wa kumzaa mwenyewe, kwamba meno yote ya juu ya mama huyu yalikuwa ya bandia. Meno ya bandia kwa kawaida hupangwa yabanane, yawe safi, yanyooke. Nani atakaa chini apoteze siku nzima kutengeneza uwazi?

Mumewe, ndiye. Huyo alikuwa fundi wa meno bandia, na kwa kuwa karakana yao ilikuwa na mafundi wawili, yeye aliitwa Fundi Mkubwa na mwenzake akaitwa Fundi Mdogo. Fundi Mdogo leo ana miaka hamsini na mitatu, kipara kinang'aa, wajukuu wawili, na bado ni Fundi Mdogo. Karakana yenyewe ni vyumba viwili nyuma ya kliniki ya meno. Fundi Mkubwa alikaa dirishani akipanga meno kwenye nta. Mkewe alikaa kwenye mashine ya kung'arishia, akisugua ile sehemu ya waridi inayolala juu ya kaakaa na kushika meno, wenyewe wanaiita sahani, mpaka iteleze. Ndipo alipopewa jina la Msasa.

Kazi yake nyingine ilikuwa kuwahutubia wateja waliokuja kuchukua meno yao. "Ukienda kulala, vua," aliwaambia, kidole juu. "Osha, loweka kwenye maji safi. Usilale nayo hata siku moja. Kinywa nacho kinataka mapumziko." Aliyasema hayo kwa miaka thelathini, tena kwa ukali, hata wazee wenye vyeo vyao walimwogopa kuliko daktari.

Meno yake mwenyewe yalianza kulegea alipokaribia miaka arobaini, kwa ugonjwa wa fizi. Yalitawanyika, yakachomoza mbele, na mwanya aliozaliwa nao ukapanuka hadi kidole kikaweza kupita. Akaacha kucheka. Mumewe aliona, akaendelea na shughuli zake dirishani, na siku daktari aliposema ya juu yote yang'olewe, alimwambia mkewe asiwe na wasiwasi, mengine yako tayari. Aling'olewa asubuhi na papo hapo akavishwa sahani mpya. Jioni alikuwa sokoni anachagua vitunguu, shavu limevimba kidogo, basi. Binti yake wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Kitinda, alikuwa shule ya bweni. Aliporudi likizo alimkuta mama yake anacheka tena, akafurahi, wala hakuuliza.

Fundi Mkubwa hakunakili yale meno yaliyotawanyika. Alimrudishia mkewe mwanya wa yule msichana wa miaka ishirini aliyekutana naye kwenye foleni ya maji, na aliurudisha kwa kumbukumbu tu, maana kwenye picha za siku zile watu walinuna kama wamepelekwa polisi. "Mimi niliuona mwanya kwanza," alipenda kusema wakiwa wawili. "Mtu mwenyewe nilimwona baadaye."

Na kila siku kabla ya kulala alinyoosha mkono. Mkewe aliyavua meno, akamwekea kiganjani, naye akaenda kuyasugua kwa brashi laini na kuyaweka kwenye kikombe cha bati upande wake wa kitanda. Ukimwacha daktari wa siku ile, yeye peke yake ndiye aliyewahi kuuona uso wa Mama Msasa bila meno. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka kumi na minane, halafu Fundi Mkubwa akafariki. Moyo. Ilikuwa saa nane mchana, akiwa kazini.

Mazishi yalipokwisha na wageni wakaondoka, mjane alikaa kitandani na meno yake mdomoni akangoja, ingawa alijua vizuri kabisa kwamba hakuna cha kungoja. Hakuna mkono ulionyooshwa. Akalala nayo. Kesho yake pia, na keshokutwa, na hivyo hivyo kwa miaka minne. Aliyavua dakika moja tu asubuhi, bafuni, komeo limefungwa, akayapitisha majini na kuyarudisha. Na huko karakana aliendelea kuwahutubia wateja kama kawaida.

Basi ikaja homa ya virusi, ile iliyokuwa ikishuka mapafuni, ikamwangusha. Alilazwa siku kumi na tisa akisaidiwa kupumua kwa oksijeni, akipewa dawa kali za kutuliza uvimbe wa mapafu na nyingine za kuua bakteria. Alipoulizwa kama ana meno ya bandia alitikisa kichwa. Muuguzi alimulika kwa tochi, akauona mwanya, akaandika hana. Ufundi wa marehemu ulimpiga chenga hata mwenye tochi.

Aliruhusiwa kurudi nyumbani akiwa mifupa na macho. Kitinda, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto wawili, aliomba likizo akaja kumuuguza. Miguu ilianza kupata nguvu. Kifua kikatulia. Kila mtu akashusha pumzi, kisha kinywa kikaanza. Utando mweupe ulitanda kwenye ulimi na ndani ya mashavu, mzito kama maziwa yaliyoganda, na ukiupangusa kwa kitambaa chini palibaki nyama nyekundu inayochoma. Pembe za midomo zilichanika. Chai ikawa na ladha ya chuma, mkate ukawa pamba.

"Ni fangasi wa mdomoni, Mama," alisema tabibu wa zahanati. "Wanaishi vinywani mwetu siku zote, hawana neno. Ila mwili ukichoshwa na maradhi, na zile dawa ulizopewa wodini, wanapata nafasi ya kutamba. Tunawaona wengi wanaotoka kwenye homa hii." Akampa dawa ya matone ya manjano, ayazungushe mdomoni mara nne kwa siku, kisha ayameze. Aliuangalia ulimi, akaangalia mashavu, hakuangalia zaidi ya hapo. Kwa nini aangalie? Mbele yake alikuwa mama mwenye mwanya wa kuzaliwa.

Mama Msasa aliyatumia matone yale na sahani yake mdomoni. Baada ya siku kumi ulimi ukatakata. Wiki moja baada ya hapo weupe ukarudi. Akapewa chupa ya pili, ukaondoka, ukarudi. Mara ya tatu kumeza kulianza kuuma, na magauni yakawa yanamning'inia mabegani.

"Mama, dawa unatumia kweli?" Kitinda aliuliza.

"Natumia."

"Unaizungusha vizuri?"

"Nazungusha mpaka chumba nacho kinazunguka. Unataka nifanyeje, nicheze ngoma?"

Alijua. Tusimfichie. Mtu aliyeng'arisha sahani zaidi ya elfu moja hawezi kusema hajui. Alijua kwamba dawa haipiti chini ya sahani, na kwamba fangasi wamejificha huko kwenye giza na unyevu, wakimngoja amalize chupa. Kila asubuhi alijiambia leo nitayavua, nitayaacha nje. Na kila alipofika hatua ya kuyavua aliona kwamba akiyatoa kwa mkono wake na kuyaweka kikombeni kwa mkono wake, basi mzee wake atakuwa amekufa kweli. Afadhali koo liume.

Jumamosi moja Fundi Mdogo alikuja kumjulia hali, na mfuko wa machungwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Hayo machungwa utayala mwenyewe, mimi yananichoma."

Fundi Mdogo alikaa. Mtu aliyefanya kazi ya vinywa vya watu kwa miaka thelathini ana pua yake, na haikumchukua muda. Alingoja Kitinda aende jikoni, akasogeza kiti.

"Mama, unayavua?"

"Nini?"

"Mama."

"Nayavua."

"Mimi ndiye niliyekoroga plasta ya kuchukulia umbo la kinywa chako siku ile. Usinifanye mtoto."

Mama Msasa aliangalia ukuta. Fundi Mdogo akasema kwa sauti ya chini kwamba kama hataki kusema, atamuuliza Kitinda. Mama akamshika shati. "Thubutu yako."

"Basi Jumatatu twende kwa daktari wa meno. Daktari wetu, pale kliniki."

"Siendi."

"Fundi Mkubwa angekuwepo, angekuachia hivi?"

Hilo lilimkata maini. Alianza kulia kwa namna ambayo hakulia hata msibani, mabega yakitikisika, kiganja kikiwa mdomoni, na Kitinda akaingia na trei ya chai akamkuta hivyo. Akauliza kuna nini. Fundi Mdogo akatazama kipara chake kwenye kioo cha kabati kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. Ilibidi mama aseme mwenyewe.

"Meno yangu si yangu."

Kitinda alisimama na trei yake. "Si yako ni ya nani?"

Kwa daktari wa meno, si yule wa zamani bali mama wa makamo mwenye mikono ya taratibu, Mama Msasa aliyavua mbele ya binti yake kwa mara ya kwanza. Midomo iliingia ndani, uso ukafupika. Kitinda aligeukia dirishani, na mama yake akaona kwamba amegeuka. Daktari alimulika juu. Kaakaa lote lilikuwa jekundu, na wekundu ule ulikuwa na umbo la sahani kamili, ukaishia pale pale ukingo wake ulipoishia.

"Huku ndiko wanakolala," daktari alisema. "Matone yalikuwa yakiwafukuza kwenye ulimi, wanarudi hapa, wanangoja. Na sahani yenyewe imezeeka, Mama, ina vitundu na nyufa ndogo ndogo, wamo hadi ndani." Akaandika matone tena, yatumike kinywa kikiwa kitupu, na vidonge vya kumeza kwa ajili ya koo. Akatoa dawa ya kulowekea sahani. Akasema kwamba muda wa matibabu sahani isivaliwe kabisa, na fizi zikipona itengenezwe nyingine. "Lakini hii usiitupe. Fundi aichukulie umbo kwanza, aunakili mpangilio wa mbele. Mwanya huu sijawahi kuona mfano wake."

Fundi Mdogo akanyoosha mkono. "Nipe leo, Mama. Keshokutwa nakurudishia."

Alijua anachoomba. Maumbo ya plasta ya zamani yalishatupwa, karakana haina nafasi ya kuweka vinywa vya watu miaka na miaka. Mwanya ule haukuwepo mahali pengine popote duniani isipokuwa kwenye kipande kile cha plastiki. Na Mama Msasa alijua pia, lakini ule mkono ulionyooshwa haukuwa mkono wenyewe. Akafumba kiganja.

"Wiki ijayo. Niachieni wiki moja nikae nayo."

Wakamwachia. Mgonjwa akisema hivyo utafanyaje?

Siku mbili alizunguka nyumbani na kitambaa mdomoni. Aliongea kidogo, alikunywa uji, na kikombe cha bati, sahani ikiwa ndani, akakiweka kwenye kimeza cha chumbani ambako angekiona kila alipofumbua macho. Siku ya tatu, mchana, usingizi ukampitia. Kitinda aliingia kuchukua nguo za kufua, akakiona kikombe. Ana watoto wawili huyo binti, amewalea kwa chupa, na kila chupa aliichemsha dakika ishirini kamili. Daktari alisema fangasi wamo hadi ndani. Sasa dawa ya kulowekea itafika ndani? Alichukua kikombe akaenda nacho jikoni.

Mama Msasa aliamshwa na harufu. Aliifahamu kabla hajafumbua macho, ni harufu ya karakana pale mtu anapokosea joto. Alitoka bila kitambaa, mkono ukutani, miguu bado dhaifu. Sahani ilikuwa juu ya taulo safi, imejikunja kama ganda la chungwa lililoachwa juani, na jino moja la mbele limeachana na fizi yake, limelala pembeni peke yake.

"Nimeyachemsha, Mama," Kitinda alisema, anapangusa mikono, anatabasamu. "Sasa hakuna fangasi atakayebaki hapo." Kisha akauona uso wa mama yake, na tabasamu likafa.

"Nani alikutuma?"

"Mama, nilitaka tu…"

"Nakuuliza, nani alikutuma?" Bila meno maneno yalitoka na upepo, na hilo lilimzidishia hasira. "Umekaa hapa wiki ngapi unagusa vyangu, unapanga vyangu, unaniosha kama maiti! Baba yako alikuwa humo! Umemchemsha baba yako!"

Maneno mengine haya mtu akishayasema hayarudi. Aliokota sahani na lile jino, akavifunga kwenye taulo, akaingia chumbani akajifungia. Kitinda alibaki jikoni, maji bado yanatokota, kwa sababu hakukumbuka kuzima jiko.

Mama hakuongea siku hiyo, wala kesho yake. Alifungua mlango kuchukua uji na dawa, akafunga. Matone aliyazungusha, vidonge alimeza, maana hakuwa na sababu tena ya kudanganya. Alasiri ya siku ya pili Kitinda alikaa sakafuni nje ya mlango, mgongo ukutani.

"Mama, najua unanisikia. Nimekosa, nisamehe. Lakini mimi sikuyajua. Miaka yote hiyo hukuniambia. Kitu nisichokijua ningekitunzaje?"

Ndani, kitanda kililia kidogo.

"Na pale kwa daktari niligeuka kwa sababu nilikuwa nalia. Usidhani nilikuona vibaya."

Komeo likafunguka. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, akapiga godoro kwa kiganja ili binti akae. Akamsimulia yote, toka foleni ya maji. Alisimulia ule mkono kabla ya kulala, brashi laini, kikombe, na jinsi mzee alivyokuwa akipiga mluzi akiyasugua, mluzi mbaya, usio na wimbo. Kitinda aliukumbuka mluzi ule. Alikuwa akiusikia kutoka chumbani kwake aliporudi likizo, akadhani baba anapiga mswaki.

"Nina hamu naye," mama alisema. "Watu wananiambia pole, nimezoea. Sijazoea kitu. Nina hamu naye kama mtu aliyetoka jana akasema anarudi sasa hivi. Na sasa hata alivyoniona sitajua tena ilikuwaje." Kitinda alisogea karibu. Alimshika mkono, na mama akamwachia.

Kuanzia hapo mambo ya kinywa yalikwenda haraka. Hapakuwa tena na mahali pa kujificha. Baada ya siku kumi na nne daktari alimulika akakuta kaakaa limerudia rangi yake, pembe za midomo zimefunga, koo safi. Wiki iliyofuata weupe haukurudi, na iliyofuata pia haukurudi. Asubuhi moja Mama Msasa alionja chai akaweka kikombe chini, akauliza nani ametia tangawizi.

"Natia kila siku, Mama."

"Mbona sikujua?" Akainywa yote, akaomba nyingine. Alishazoea kukaa bila kitambaa mbele ya binti yake, na Kitinda alishazoea kumtazama. Siku moja alimwambia, anafanana na bibi mzaa baba. Mama akamjibu kwamba hilo ni tusi, yule bibi hakuwahi kumpenda mtu, na wote wawili wakacheka hadi mama akapaliwa.

Ikafika siku ya kujaribu nta. Kabla meno mapya hayajapikwa na kuwa magumu, hupangwa kwanza kwenye sahani ya nta, mwenyewe akajaribu, fundi akasogeza hili na lile. Fundi Mdogo alikuwa amejitahidi. Aliichukua picha ya simu ya Kitinda, ile ya mama anacheka siku ya ubarikio wa mjukuu, akaikuza, akapima. Alijaribu pia kuibandika ile sahani iliyopinda, lakini jino lililokwisha kutoka halikukubali kusema lilikuwa limesimama vipi.

Mama akavaa. Kitinda akapiga makofi. "Ndio wenyewe huo!"

Mama akatikisa kichwa. Fundi akatoa, akapasha kisu moto kwenye taa ya spiriti, akalainisha nta, akasogeza unywele mmoja. Bado. Akabana. Bado. Akapanua, akateremsha, akapandisha. Mara ya saba jasho lilikuwa linamtiririka kiparani.

"Mama, upana ni huu huu. Nimepima. Angalia picha."

"Upana ni huo. Lakini huu ni mwanya wa mtu mwingine, Mdogo. Sijui nikwambieje."

Fundi Mdogo aliweka kisu mezani, akasimama, akamvutia kiti cha dirishani. "Basi jaribu wewe."

Miaka thelathini katika karakana ile Mama Msasa hakuwahi kupanga jino hata moja. Yeye alisugua. Alikaa, akakipasha kisu. Alijaribu kuukumbuka uso wake kwenye kioo, akagundua haumsaidii, kwani kwenye kioo aliangalia kama mchicha umenasa, basi. Aliyeuangalia mwanya ni mtu mwingine. Akapiga moyo konde, akalainisha nta, akavaa, akafumba macho, akapeleka ncha ya ulimi juu.

Na ulimi ukajua. Kwa miezi ulikuwa umefunikwa, umekufa ganzi, hausikii chumvi wala moto. Sasa ulikuwa mzima, na ulifika pale mbele ukasimama kama mtu aliyekuta mlango wa kwake umehamishwa. Upana haukuwa na tatizo. Jino la kushoto ndilo lililotakiwa ligeuke kidogo, kidogo mno, ukingo wake wa nje ujifiche nyuma ya jino la pembeni, jambo ambalo hakuna picha ingelionyesha. Fundi Mkubwa alilikumbuka hilo kutoka kwenye foleni ya maji. Akatoa nta, akapasha kisu, akaligeuza, akavaa. Hapana. Akatoa, akaligeuza zaidi. Karibu. Akatoa tena. Kitinda na Fundi Mdogo walisimama nyuma yake, hata feni ya dirishani mmoja wao aliizima.

Akavaa. Ulimi ukapanda, ukaingia pale ulipokaa miaka ishirini na miwili, ukatulia.

Alifumbua macho, akatabasamu tabasamu lote, akageuka haraka upande wa mlango wa chumba cha ndani, ambako mzee wake alikuwa akipikia sahani, amwonyeshe.

Alikaa hivyo, amegeuka, tabasamu bado lipo usoni. Kitinda aliangalia ule mlango, akamwangalia mama, akaelewa. Akaja akapiga magoti mbele ya kiti, akauangalia ule mwanya kwa makini, bila haraka, kama ambavyo hakuwahi kuuangalia maisha yake yote.

"Angeupenda, Mama."

"Angesema nimeuweka juu kidogo," mama alijibu, na machozi yakaanza kumwagika huku anacheka. "Namjua. Asingekosa la kusema."

"Mama, tafadhali," Fundi Mdogo alisema, na sauti yake nayo haikuwa nzima. "Usilie wala usicheke, nta bado laini, itapinda."